Shamba Lililopumzishwa Si Udongo wa Bure



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia sokoni, lakini juma hili tunaipeleka shambani. Mashamba mengi ya familia hayapotei kwa vita wala kwa moto. Yanapotea kimyakimya. Mzee mmoja wa ukoo anatia sahihi, mtu mmoja analipa, vijiti vinapigwa ardhini, na mama aliyelima mahali pale miaka 20 anapata habari siku anapofika na jembe lake begani na kukuta watu wanachimba msingi wa nyumba.

Kamina yetu ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, Katanga ilipogawanywa. Makao makuu huleta ofisi, ofisi huleta watu, na watu hutafuta parseli. Parseli hutafutwa pembeni ya mji, na pembeni ya mji ndiko kwenye mihogo yetu, mahindi yetu na karanga zetu. Mama anayepoteza shamba la karibu analazimika kwenda mbali zaidi, na kila kilomita inayoongezeka anaibeba kichwani pamoja na beseni la mihogo.

Kwa hiyo swali letu ni hili: je, kuna njia ya kulifunga shamba la familia ili libaki shamba, hata sisi tukiisha kuondoka duniani?

Katika nchi nyingine njia hiyo ipo na ina jina lake katika sheria. Kwetu Kongo haipo kwa jina hilo. Lakini sheria yetu ina milango mingine, na mama akiijua anaweza kuifunga kabla mwizi hajafika. Tuipitie mmoja mmoja.

Neno "bure" lilitoka wapi

Ukimwuliza anayekuja kupima shamba lako kwa nini amekuja, mara nyingi atajibu: "Udongo huu ulikuwa bure." Neno hilo ni la zamani kuliko bibi zetu. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya Mfalme Léopold wa Pili ilitoa agizo kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Hakuna aliyewauliza wazee wetu maana ya "isiyo na mwenyewe." Mzungu alipoona nyumba na shamba lenye mazao, aliandika kwamba pana watu. Alipoona kichaka, aliandika kwamba ni bure.

Hapa Katanga, kuanzia 1900, ardhi ilisimamiwa na shirika lililoitwa Comité Spécial du Katanga. Baadaye reli ya BCK ilipita, na 1928 ikaunganisha Bukama na bandari ya Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui. Mwaka 1956 tawi la kutoka Kamina lilifika Kabalo. Udongo uligawanywa kwa ajili ya reli, kwa ajili ya makampuni, kwa ajili ya kituo kikubwa cha jeshi tunachokijua wote. Wazee wetu walipolalamika kwamba kichaka kile ni mashamba yao yanayopumzika, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kila mama hapa anajua siri ya kichaka. Mihogo huchosha udongo. Ukiisha kuvuna, unauacha ulale miaka kadhaa, nyasi na miti inarudi, nguvu inarudi, halafu unakata na kulima tena. Wakati umelala, bado unatulisha. Tunaokota kuni, uyoga, viwavi, dawa na majani ya mboga. Shamba lililopumzishwa ni kama mama aliyejifungua: amelala, lakini usiseme hana kazi.

Tatizo lote la kulinda mashamba liko katika neno hilo moja. Shamba likiitwa "bure," limekwisha kupotea nusu. Likijulikana kuwa ni la watu fulani, lenye mipaka fulani, lenye kazi fulani, hapo anayelitaka atapaswa kusema na watu.

Wenzetu walifanyaje

Kule Marekani, katika jimbo la California, kaskazini mwa mji wa San Francisco, kuna wilaya inayoitwa Marin. Watu wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mji ulipokaribia, bei ya udongo ilipanda, na wafugaji wakaanza kuona kwamba kuuza kwa wajenzi kunaleta faida kuliko kukamua. Mwaka 1980 wanawake wawili, Ellen Straus aliyekuwa mfugaji, na Phyllis Faber aliyekuwa mtaalamu wa viumbe, walianzisha chama cha kulinda mashamba hayo. Kinaitwa Marin Agricultural Land Trust.

Njia yao ni rahisi kueleza. Haki ya udongo ni kama fungu la kuni. Ndani yake kuna vijiti vingi: haki ya kulima, haki ya kufuga, haki ya kurithisha, haki ya kuuza, haki ya kujenga nyumba nyingi. Mfugaji anatoa kijiti kimoja tu, kile cha kujenga na kukata vipande, anakikabidhi kwa chama, mara nyingi kwa malipo. Vijiti vingine vyote vinabaki kwake. Anaendelea kulima, anarithisha watoto wake, hata kuuza anaweza. Lakini yeyote atakayenunua ananunua shamba, hanunui parseli. Mapatano yanaandikwa katika hati ya udongo wenyewe, kwa hiyo yanafuata udongo hata mwenyewe akibadilika. Chama hupita kukagua kama ahadi inatunzwa. Kwa njia hiyo zaidi ya ekari 50,000 zimebaki malisho na mashamba.

Karibu zaidi nasi, Kenya iliingiza mapatano ya namna hiyo katika sheria yake ya mazingira ya 1999. Kusini mwa mbuga ya wanyama ya Nairobi, mahali panapoitwa Kitengela, familia za Wamasai zilianza 2000 kupokea dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka. Sharti lilikuwa wasiweke ua, wasikate ardhi vipande, wanyama waendelee kupita na ng'ombe waendelee kula. Malipo yalipangwa yaangukie wakati wa kufungua shule, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi huuza kipande cha udongo kwa ajili ya karo. Jambo hilo lina hekima kubwa. Udhaifu wake ni kwamba fedha ilitoka kwa wafadhili na mkataba ulikuwa wa muda. Mfadhili akichoka, ahadi nayo inachoka.

Tanzania walipita njia nyingine. Sheria yao ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakubali cheti cha hakimiliki ya kimila, na cheti hicho kinaweza kuwa cha kundi zima. Mwaka 2011 Wahadza wa bonde la Yaeda, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipata cheti cha pamoja cha zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Wahadza hawajengi nyumba za matofali wala hawalimi. Kwa macho ya mgeni udongo wao ulikuwa "bure" kuliko wote. Cheti kilipoandikwa jina la watu wote pamoja, mtu mmoja hakuweza tena kuuza peke yake.

Mifano hii mitatu ni tofauti, lakini ina mzizi mmoja. Katika kila moja, watu waliondoa mikononi mwa mtu mmoja uwezo wa kumaliza udongo kwa siku moja.

Sheria yetu inasema nini

Kwetu, Sheria ya 20 Julai 1973 juu ya mali na ardhi inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na hauuzwi. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inaitwa konsesyo. Raia wa Kongo anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Chama au kampuni hupata ile ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya.

Kwa sababu hiyo, yale mapatano ya Marin hatuwezi kuyaiga neno kwa neno. Sheria yetu inajua sevitide, yaani mzigo unaowekwa juu ya kiwanja kimoja kwa faida ya kiwanja kingine, kama njia ya kupita au mfereji wa maji. Lakini ile ahadi ya kusema "hapa pasijengwe milele" kwa faida ya wajukuu na ya chakula cha mji, hiyo haina kifungu chake.

Je, mashamba yetu ya ukoo? Vifungu vya 387 hadi 389 vya sheria ile vinasema kwamba ardhi inayokaliwa na wenyeji ni ya Serikali, lakini wenyeji wana haki ya kuitumia, na haki hiyo ingepangwa na agizo la Rais. Agizo hilo limengojewa miaka makumi. Hata hivyo shika neno moja la kifungu cha 388: ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikalia, wanayoilima, au wanayoitumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Kwa namna yoyote. Kuokota kuni ni matumizi. Kupumzisha shamba ni matumizi.

Mwaka 2011 jambo hili liliandikwa wazi zaidi. Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011, kifungu cha 18, inataja kwamba ardhi ya jamii ya wenyeji ni pamoja na akiba ya mashamba, mashamba yaliyopumzishwa, malisho, na misitu midogo wanayoitumia kila wakati. Mama, hayo maneno "mashamba yaliyopumzishwa" yamo ndani ya sheria ya nchi. Ni jibu la agizo la 1885. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu au ya kundi iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi.

Lakini tusijidanganye. Kifungu cha 219 cha sheria ya 1973 kinasema kwamba haki juu ya kiwanja inasimama kisheria kwa cheti cha kuandikishwa, kile tunachokiita sertifika. Karatasi ya shefu ni ushahidi mzuri, lakini sio sertifika. Na kifungu cha 227 kinasema sertifika ikiisha kupita miaka 2 haipingwi tena. Aliyedhulumiwa atabaki kudai fidia ya fedha tu, shamba lenyewe halirudi. Kwa hiyo anayenyamaza miaka 2 amekwisha kusema ndiyo.

Mwezi mmoja wa kusema

Kabla Serikali haijatoa konsesyo ya ardhi ya vijijini, sheria inadai uchunguzi ufanyike mahali penyewe. Kazi ya uchunguzi huo ni kujua kama kuna watu wenye haki pale. Mchunguzi anapaswa kutembea mipaka, kuhesabu watu anaowakuta, kuandika vilivyopo juu ya ardhi, na kusikiliza madai ya watu, hata ya mdomo. Maombi hubandikwa ubaoni, na uchunguzi hufungwa mwezi mmoja baadaye.

Mwezi mmoja tu. Akina mama wangapi hupita mbele ya ubao wa ofisi ya teritwari na kusoma? Wengi wetu tunapita haraka, tuna mzigo kichwani. Wengine hawasomi Kifaransa. Kwa hiyo jambo hili lifanywe kazi ya chama. Kila kikundi kichague mama wawili, mmoja anayesoma Kifaransa na mwingine anayejua mipaka ya mashamba. Wapite ofisini kila juma, wasome ubao, waandike daftarini jina la mwombaji, mahali, ukubwa na tarehe ya kubandikwa. Wakiona jina la kijiji chao, habari ifike kijijini siku ile ile.

Mchunguzi akifika, msimwachie mzee mmoja kusema kwa niaba ya wote. Nendeni wengi. Kila mama asimame kwenye shamba lake na kusema: "Hapa nalima mimi, nimeanza mwaka fulani, mpaka wangu ni mti huu. Pale nimepumzisha tangu mwaka fulani, nitarudi." Ombeni yaandikwe. Ombeni msomewe kilichoandikwa kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au dole gumba. Ombeni nakala. Ardhi isiyozidi hekta 200 vijijini inaamuliwa na gavana, na iliyo kubwa zaidi inaamuliwa Kinshasa. Kwa hiyo karatasi ya uchunguzi itasafiri mahali ambapo ninyi hamtafika, na itasema tu kile mlichoifanya iseme.

Mke, mjane na binti

Adui wa shamba sio mgeni peke yake. Mara nyingi mlango hufunguliwa kutoka ndani.

Kanuni ya Familia, sheria ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inadai mume na mke wakubaliane kabla ya kuhamisha konsesyo ya ardhi, hata kama ndoa yao ni ya mali ya kila mtu mbali. Mume asiyepata sahihi ya mke hana mauzo halali. Na marekebisho ya 2016 yaliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alikuwa anaidai kabla ya kufanya mapatano mbele ya sheria. Lakini ili kinga hii ikufae, ndoa yako iwe imeandikishwa kwa ofisi ya etasivili. Ndoa ya mahari peke yake, mbele ya wazee, ni ndoa ya kweli nyumbani, ila ukifika mahakamani utaombwa karatasi. Mama ambaye hajaandikisha ndoa yake aanzie hapo kabla ya kuuliza habari za shamba.

Kifungu cha 758 kinawaweka watoto wote mbele katika urithi. Hakibagui mvulana na msichana. Watoto wanapata robo tatu ya mali, na robo iliyobaki inawagusa mjane au mgane, wazazi, na ndugu za marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja, na kutumia nusu ya mashamba yanayopakana na nyumba ambayo marehemu alikuwa akiyalima mwenyewe. Mkubwa wa warithi ndiye anayesimamia ugawaji, lakini msimamizi ni mtumishi. Hakupewa udongo, alipewa kazi.

Shemeji akija baada ya matanga kusema shamba limerudi kwa ukoo, usigombane naye kwa kelele. Mwambie kwa heshima: "Shemeji, tukae na watoto wote, tusome pamoja sheria inasemaje." Mara nyingi mtu anayeona watu wamekaa na kitabu hupunguza sauti.

Mapatano ya familia

Kwa kuwa hatuna sheria ya kufunga shamba moja kwa moja, tujifunge wenyewe kwa mapatano. Karatasi hii haichukui nafasi ya sertifika, lakini inafanya kazi tatu. Inaonyesha kwamba udongo sio wa bure, inamzuia mtu mmoja kujifanya ndiye ukoo mzima, na inampa hakimu kitu cha kusoma. Tunapendekeza iwe na mambo haya:

1. Majina ya wote wenye haki katika shamba, wanaume na wanawake, pamoja na mabinti walioolewa mbali.

2. Mipaka yote minne, kwa majina ya majirani na alama zisizohama: mto, jiwe kubwa, kichuguu, mwembe, mstari wa mikonge. Majirani nao watie sahihi.

3. Sehemu inayolimwa sasa, na sehemu iliyopumzishwa, na mwaka iliyoanza kupumzika.

4. Ahadi: shamba halitakatwa parseli wala kuuzwa, mpaka wote walioandikwa wakubali kwa sahihi zao.

5. Mtu akipata shida kubwa, atauliza familia kwanza. Familia ina miezi mitatu ya kumsaidia kabla ya neno la kuuza kutajwa.

6. Kila mwaka, kabla ya mvua, watu wa familia watatembea mipaka pamoja na watoto.

Nakala moja ibaki kwa shefu wa kijiji, moja kwa chama, moja kwa mama wa nyumba mahali pasipofika mchwa. Mkiweza, itiwe muhuri kwa noteri. Na mkifika hatua ya kuomba sertifika, ombeni iandikwe majina ya wote. Sertifika yenye jina la mtu mmoja inaweza kuwa hatari kuliko kukosa sertifika, kwa sababu inampa mmoja uwezo ambao desturi haikumpa kamwe.

Panda miti mpakani. Miembe, miparachichi na michikichi hutoa chakula, na pia husema umri wake. Mwembe wenye miaka 30 ni shahidi asiyehongwa.

Msitu wa kijiji

Kwa vijiji vilivyo na msitu bado, mlango mwingine uko wazi, na huu unakaribia sana yale ya Marin. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002, pamoja na dikre ya 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa konsesyo ya msitu wao kwa desturi, hadi hekta 50,000, bila malipo, na kwa kudumu. Gavana ndiye anayetia sahihi. Jamii inachora ramani yake, inachagua kamati yake, na inaandika mpango: hapa tunalima, hapa tunaacha miti, hapa tunakata makala kwa zamu, hapa hapaguswi kwa sababu ya chemchemi.

Kazi ni ndefu na ina safari nyingi za ofisi. Lakini akina mama wasikose siku ya kuchora ramani. Wanaume wataonyesha mawindo na mti wa mbao. Nani ataonyesha mahali pa uyoga, pa viwavi, pa maji ya kunywa, na mashamba yaliyolala? Kisichochorwa siku ile, kesho kitaitwa bure.

Shida ya leo na shamba la kesho

Tuseme ukweli. Familia nyingi haziuzi shamba kwa sababu ya tamaa. Zinauza Septemba, shule inapofunguliwa, au usiku ambapo mgonjwa anangoja fedha ndipo apasuliwe. Mapatano mazuri kuliko yote hayatasimama mbele ya mtoto anayeungua na homa.

Ndiyo maana watu wa Kitengela walilipwa wakati wa shule. Sisi hatuna mfadhili, lakini tuna likelemba, na vikundi vingine vina sanduku la akiba na mikopo. Kikundi kinaweza kupatana: sehemu ndogo ya kila mchango iwekwe mbali na iitwe sanduku la udongo. Haitolewi kwa sherehe wala kwa biashara. Inatolewa kama mkopo kwa mwanachama ambaye bila hiyo angeuza shamba, naye anarudisha baada ya mavuno. Kiasi kinaweza kuwa kidogo. Mara nyingi mnunuzi anangoja mtu mwenye shida ya siku tatu. Ukimpa mwenzako siku 30, mnunuzi anaondoka.

Kazi ya juma hili

Katika mkutano wenu ujao, mama mwenyekiti aulize maswali manne, na katibu aandike majibu daftarini:

Ni nani kati yetu hajaandikisha ndoa yake?

Ni nani ana shamba lililopumzishwa ambalo hakuna karatasi inayolitaja?

Ni mama gani wawili watasoma ubao wa ofisi, na siku gani?

Sanduku la udongo litaanza na franka ngapi?

Sheria hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote kwa ofisi ya ardhi ulizeni kwanza kama vifungu hivi vimeguswa, na ombeni risiti ya kila franka. Mkipata mwanasheria au padri au mchungaji anayeweza kuwasomea Kifaransa bila kupunguza neno, mwiteni akae nanyi mchana mmoja, bukari na sombe zitakuwa zawadi ya kutosha.

Na mvua ya kwanza ikinyesha, kabla ya kushika jembe, tembeeni mipaka na watoto wenu, wa kiume na wa kike. Waambieni majina ya miti, ya majirani na ya bibi aliyefyeka pale mara ya kwanza. Mtoto anayejua mpaka hawezi kudanganywa kwamba pale palikuwa bure.